Nyigu wa Gunia la Mwisho

Nilikuwa napepeta mchele kizingitini, nikichambua fukusi, pale Inzoudine, tunayemwita Redio, alipofika akihema. Baraza ya kahawa imeshikana na ukuta wa nyumba yangu hapa Mutsamudu, kwenye kisiwa chetu kilichojitenga na serikali ya Moroni, kwa hiyo nasikia yote, nitake nisitake.

— Moroni wameongeza vikwazo! Boti ya mchele haiji, si wiki hii wala ijayo.

Gunia nililobakiwa nalo lilikuwa la mwisho, la kulisha watu wanane wa nyumba yangu. Na tangu jana nyigu weusi, wadogo kuliko sisimizi, walikuwa wakitoka humo.

— Mama Oumaya, tia dawa ya unga, — akasema Charif seremala. — Ninayo kopo zima.

— Ile ya mende?

— Mdudu ni mdudu.

— Mende wapi! — Redio akadakia. — Hao wametumwa. Moroni wameshindwa kwa bunduki, sasa wanatuletea nyigu.

— Wamepitaje vikwazo? — nikauliza.

— Wana mabawa, wewe!

— Tena wamefunzwa, — Charif akaongeza. — Gunia la jirani Abdoulkarim hawakuligusa.

— Abdoulkarim hana gunia, — nikasema. — Mchele wake uliisha Ijumaa.

— Ndiyo maana hawakuligusa!

Nilicheka, lakini kopo nililipokea. Nilikuwa nimeshalifungua alipotokea Soulé, mume wa mdogo wangu Zahira, mtu wa Moroni aliyekwama kwetu tangu boti zisimame.

— Huyo hapo, muulizeni! — akasema Redio. — Nyigu wenu hawa!

Soulé akachungulia ungo.

— Kuna aliyewaona wakila mchele?

Charif akainamisha birika la kahawa, halikutoa tone.

— Shemeji, funga hilo kopo, — Soulé akaniambia. — Nilipokuwa nikifanya kazi kwenye ghala la mchele, mtaa wa Badjanani kule Moroni, hawa tuliwaacha. Mtoto wa fukusi hukaa ndani ya punje. Nyigu hutaga humo, na mtoto wake humla yule wa fukusi.

Nikaokota punje iliyotoboka. Mle ambamo ningetegemea fukusi, alikuwa anatoka nyigu, akijivuta polepole. Sijui kama nyigu watatosha kuwamaliza fukusi. Ila ile sumu tungeila sisi. Nikamrudishia Charif kopo lake.

— Basi wa Moroni wamefanya kazi, — Redio akanung'unika.

Baada ya magharibi nikapakua: wali kidogo, ndizi mbichi nyingi, tui juu. Nikahesabu vichwa kwenye jamvi. Saba. Soulé alikuwa bado amekaa barazani, peke yake.

— Shemeji, ingia. Chakula kinapoa.

Nane.