Mguu wa Tatu wa Manoy Ruping

Benchi letu liko mbele ya duka la Pining, hapa Virac, mji wetu wa kisiwani. Kahawa yake chungu hatuinywi kwa kiu, tunainywa kwa ubishi. Asubuhi ile tulichanganyikiwa wote. Manoy Ruping, yaani Kaka Ruping, msuka kamba aliyekatwa mguu chini ya goti, alisuka soksi ya nyuzi za abaka, mmea wetu unaofanana na mgomba, watafiti wa chuo wakaimwagia gundi ya plastiki ikakauka ikawa mguu wa bandia. Mashine ya kupimia uimara ikauvunja. Wa tatu huo! Wa nne ukivunjika, wanaachana na abaka, na Manoy abaki na magongo yake.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Kapteni, ambaye hajawahi kuongoza hata mtumbwi.

— Mguu una masikio wewe? akafoka Ruping. Mkuu gani aliuambia nini?

— Ni vimbunga, akadakia Profesa, muuza samaki. Abaka yetu imezoea kuyumba. Ukiibana kwenye mashine, nyuzi zinakumbuka upepo, zinataka kukimbia.

— Nyuzi zinakumbuka? nikauliza.

— Kwani wewe umesahau kimbunga cha juzijuzi?

Nikazidi kuchanganyikiwa.

— Basi ni wivu, akasema Kapteni. Mguu wa zamani hautaki mke mwenza.

— Ule tulishauzika, pare, rafiki yangu! akasema Ruping.

— Ndiyo maana! Uliuaga vizuri?

— Pining, mnyime kahawa huyu! Jamani, Desemba namwozesha binti yangu. Nataka kumpeleka altareni kwa miguu miwili. Basi!

Ndipo akaja Luningning, mwanafunzi wa pale chuoni, na kipande kilichovunjika. Akatuonyesha: nyuzi zimechomoka nzima nzima, hata moja haijakatika.

— Gundi haikuzishika, Manoy. Kabla ya kusuka unazifanyaje?

Ruping akachangamka.

— Nazipaka mafuta ya nazi, mwanangu, zilainike. Kisiwa kizima ndivyo tunavyosuka. Na huu, kwa vile ni mguu wangu mwenyewe, nilipaka mara mbili.

Luningning akakaa chini taratibu.

— Basi mafuta ndiyo yanayoizuia gundi isishike. Unaweza kuzisuka kavu?

Ruping akatazama viganja vyake. Roho iliniuma.

— Kavu zinakata vidole, akasema. Sijui, mwanangu. Sijui hata nianzie wapi.

Kapteni akamsogezea kikombe chake cha kahawa.