Kijana Aliyefunga Mlango Kabla ya Kuandika Orodha

Wazazi wenzangu wenye watoto wanaofanya kazi za kompyuta, sikieni niliyoyasikia juzi kwenye tramu hapa mjini Iași. Kijana mmoja aliingia akihema, bibi wa kiti cha pili akamuuliza kulikoni.

"Kompyuta iliyo darini, inayogawa intaneti kwa jengo letu zima, haiitiki."

"Umeme upo?"

"Upo, bibi."

"Panya hajatafuna waya?"

"Waya mzima."

"Basi wewe uligusa nini?"

Kijana akajikuna kichwa. Akiwa kazini aliiamuru kwa mbali ikatae kila asiye kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, akidhani orodha ataiandika baadaye. Ikawakataa wapangaji wote, ikamkataa na yeye.

Bibi akacheka hadi machozi. "Umefukuza wezi pamoja na mwenye nyumba!"

"Usinicheke! Saa kumi mjukuu wa jirani yangu mzee Haralambie anabatizwa Hispania, na mzee anategemea intaneti hiyo kumwona. Sasa lazima niifikie yenyewe, na ufunguo wa dari anao msimamizi wa jengo, yuko kijijini anachinja nguruwe wa Krismasi."

"Vunja kufuli."

"Msimamizi atanifukuza!"

"Na ubatizo ukipita, utaurudisha?"

Mimi nilikuwa nimekumbatia mkoba, roho juu, kana kwamba ni mwanangu. Waonyeni wenu: jina lako kwanza, mlango baadaye.

Tramu ikasimama, saa kumi kasoro dakika kumi. Kijana akashuka huku akisema kufuli halivunjwi. Bibi akamfuata. "Tutabishana njiani," akasema, "kikapuni nina nyundo ya kupondea nyama."