Historia ya Fanuel Mushagalusa, Msafishaji wa Mfereji wa Alperton

Ndugu waombolezaji, wazee wa kanisa, majirani wa Wembley na Alperton, mimi ni Alexis, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome historia yake, ila karatasi niliyokabidhiwa jana na kamati ya mazishi, iliyosema marehemu alikuwa afisa wa ofisini, nimeichana, na mwenye kukasirika akasirike, mimi nimeshamtangulia.

Fanuel Mushagalusa alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Kabare, karibu na Bukavu, akaanza shule ya msingi palepale mwaka 1970, akapata diploma yake Bukavu mwaka 1983, akafundisha historia kwa miaka kumi na mitatu, hadi vita vilipotufukuza mwaka 1996. Alifunga ndoa na Marie-Claire tarehe 7 Julai 1990, wakajaliwa mtoto mmoja, Raïssa, aliyezaliwa hapa London tarehe 2 Mei 1999, mwaka mmoja baada ya wao kuingia nchi hii kuomba hifadhi.

Tarehe 3 Septemba 2001, karatasi zake zilipotoka, aliajiriwa na mkandarasi mmoja kusafisha mfereji huu unaopita Alperton kwenda Paddington, na kwa kuwa alikuwa mwalimu hadi mwisho, alimweleza kila aliyekubali kusimama kwamba ulichimbwa kwa sururu na sepetu, ukafunguliwa tarehe 10 Julai 1801, farasi wakavuta mashua za matofali na makaa ya mawe, mpaka treni na malori yakaunyang'anya mizigo yote. Siku hizi ni mahali pa starehe, watu wanaendesha baiskeli ukingoni, wanavua samaki na kuwarudisha majini, wanapita na mashua zilizopakwa rangi, glasi za mvinyo mkononi, na ninyi wenyewe mnapiga picha za harusi pale kila Jumamosi, maji safi nyuma yenu, hebu niambieni, nani alitoa humo magodoro, toroli za supamaketi na mbwa waliooza? Ni Fanuel, maji yakimfika kifuani.

Lakini siku aliposema kazi yake baada ya ibada, mlicheka, eti mwalimu mzima anaokota takataka za wazungu, na Jumapili iliyofuata sisi wa familia tukatangaza mbele ya kanisa kwamba amehamishiwa ofisini, mkapiga makofi, naye kwa miaka mitano akatoka nyumbani na suti na tai, akabadilisha nguo ndani ya mashua ya Mzee Kailash, mzaliwa wa Kisumu anayeishi pale mferejini. Jamani, mtu afungwe tai shingoni ili sisi tusione haya!

Tarehe 11 Agosti 2006 alishikwa na homa, miguu ikimuuma, Kiingereza kikimpotea, akapelekwa kwa daktari, ambaye aliuliza kwa adabu mgonjwa anafanya kazi gani, ndugu aliyekuwa akimtafsiria akajibu ofisini, daktari akaandika mafua. Tarehe 16, macho yakiwa ya manjano, alilazwa, swali likarudiwa, jibu likawa lilelile, hadi tarehe 19 Mzee Kailash alipokuja kumwona, akapiga kelele wodini kwamba huyu mtu anashinda majini na kidole chake kina kidonda, ndipo wakajua ni homa ya mkojo wa panya, inayoingia mwilini na maji kupitia kidonda, lakini figo zilikuwa zimekwisha, akafariki tarehe 23 Agosti, saa nne asubuhi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini Fanuel hakuficha maradhi, tuliificha kazi yake.

Familia inawashukuru wauguzi na madaktari waliokesha naye, inamshukuru Mzee Kailash, majirani waliotuletea chakula, na wafanyakazi wenzake saba waliosimama kule mlangoni, wapisheni waje wakae mbele. Namshukuru zaidi yule daktari wa kwanza, kwa sababu aliuliza swali lililopaswa kuulizwa, na aliyemjibu uongo, huku mgonjwa akinitazama na kunyamaza asije akaniaibisha, ni mimi.

Pumzika, yaya, kaka yangu mkubwa, kwa amani ambayo mimi sitaipata.