Shangazi Saveta Amuaga Murga

Tarehe 31 Oktoba, Bi. Saveta Hodorog anakabidhi funguo za chumba cha hatamu baada ya kulitumikia shamba letu la farasi la Valea Frasinului kwa miaka thelathini na minne. Sote tunamwita Shangazi, hata mkurugenzi anayemzidi umri.

Alianza kama mshona ngozi, akaishia kuwa msemaji wa mwisho juu ya kila kinachoingia kinywani mwa farasi. Zile lijamu za kale ukutani, vyuma vya kinywani vyenye minyororo na vilivyosokotwa kama kamba, alizikusanya yeye kutoka maghala ya vijiji jirani, zisije zikauzwa kama chuma chakavu. Vishada vyekundu vya kumkinga farasi na jicho baya, anavishona yeye. Na ole wako umsifu farasi mbele yake bila kutema mate pembeni: "We! Unataka mnyama augue? Tema!" Hata daktari wa mifugo hutema.

Mwaka huu, hata hivyo, Shangazi alikosa usingizi kwa ajili ya Murga. Farasi jike huyu alikuja kwetu kinywa kimechanwa na lijamu kali ya bwana wake wa kwanza, akawa hamkubali mtu ila Shangazi, ambaye alimchagulia ukutani lijamu nene kuliko zote, iliyolainika kwa kulika, na asubuhi za baridi huipasha kwapani kwanza. Mkurugenzi akasema wazi kwamba asipopatikana mwingine wa kumvika lijamu, Murga atapelekwa mnadani. Farasi mkaidi akienda mnadani huishia buchani.

Basi Shangazi akanishika mimi, kijana wa zizini, anifundishe. Murga alinikanyaga, akanipiga kichwa, Shangazi akicheka mpaka mbavu zinamuuma. Nilipokata tamaa akaniambia, "Taratibu, mwanangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Jumatatu iliyopita niliipasha lijamu kwapani, nikaisogeza, nikangoja. Murga akafungua kinywa. Nikageuka kwa furaha, nikamkuta Shangazi analia. "Msaliti mkubwa we!" akamwambia yule jike. "Hata hukungoja niondoke?"

Shangazi, asante kwa yote. Najua ilikuuma. Umemfundisha Murga asikuhitaji, na ndiyo maana atabaki zizini, hatapelekwa mnadani. Tunakuombea afya, miguu isiyouma na plamu tele bustanini. Na uje umwone. Mimi ananivumilia tu, wewe anakupenda.