Jua Limetoboka

Kijiwe kiko mkabala na geti la hospitali ya uzazi: benchi moja refu, birika la kahawa na kibanda cha kinyozi. Asubuhi hiyo, hata kabla ya saa kumi na mbili, benchi lilikuwa limeshajaa, maana redio ilikuwa imetangaza wiki nzima kwamba jua litachomoza limepatwa. Cheche, fundi wa kuchomelea, jua halikumshughulisha. Mkewe alikuwa ndani ya geti lile tangu alfajiri, uchungu wa mtoto wa kwanza umemkamata, na mlinzi alikuwa amemkatalia Cheche katakata kuingia. Basi akawa anakaa, anasimama, anakaa tena. Kinyago chake cha kuchomelea, chenye kile kioo cheusi tii, alikuwa amekipakata kama mzigo wa mtu mwingine.

— Tulia, mwanangu, akasema Mama Birika, muuza kahawa, akimjazia kikombe. Unanichosha mimi niliyezaa mara nne.

— Nimetulia, mama.

— Umetulia nini, umeshika kikombe kitupu dakika kumi unapuliza!

Profesa, fundi cherehani aliyepata jina hilo kwa kusoma kila gazeti lililofungiwa kitambaa, akakohoa.

— Sikilizeni. Leo mwezi uko mbali kidogo. Utakaa mbele ya jua lakini hautalifunika lote. Itabaki pete.

— Mwezi uko mbali? akadakia Wembe, kinyozi. Sema umepungua! Mimi nauona kila siku nikifunga duka. Umekonda.

— Mwezi haukondi, wewe.

— Basi jua limetoboka. Kitu kinachowaka miaka yote hiyo hakitoboki? Muulize Cheche. Bati ukilichoma sana linafanyaje?

 Macho ya Cheche yalikuwa getini.

— Na likitoboka, Wembe akaendelea, dakika zile zinapotelea kwenye tundu. Hazihesabiwi. Atakayezaliwa humo hana tarehe. Hajazaliwa jana, hajazaliwa leo. Atakwenda kuandikishwa shule waandike nini?

Kicheko kilichoanza kikakatikia njiani. Cheche alikuwa amesimama.

— Rudia.

— Natania, ndugu yangu.

— Mke wangu yuko mle ndani, Wembe. Yuko mle ndani!

Sauti ilimvunjikia mwishoni, akaona aibu. Mama Birika akamvuta shati, akamketisha.

— Na wewe Wembe, ukifungua tena hilo domo nakumwagia machicha ya kahawa.

Ghafla Profesa akainua kidole. Juu ya ukuta wa shule iliyopakana na hospitali, ng'ambo ya barabara, zilikuwa zimetokeza pembe mbili nyekundu, zimeachana, kama majua mawili yanayopanda kwa pamoja. Wembe akakodoa macho.

— Fumba macho! Cheche akamfokea, akamziba uso kwa kiganja. Mimi nimeshakesha usiku mzima, macho kama yametiwa mchanga, kwa moto mdogo tu wa kuchomelea. Vaa hiki.

Wakapokezana kinyago. Pembe zikapanda, zikajongeleana chini, zikashikana. Kunguru waliokuwa wakigombana kwenye nyaya wakanyamaza. Mwanga ukawa mwembamba, wa kijivu, na ubaridi ukapita benchini. Wembe alitazama, akavua kinyago, akampa Profesa kwa mikono miwili. Profesa alitazama, akasahau kueleza. Mama Birika alitazama, akabaki ameshika shavu.

Zamu ya mwisho ikawa ya Cheche. Kwenye giza la kioo palikuwa na duara jembamba la moto, limefungika pande zote, halitikisiki. Kazi yake ni kuunga chuma, na katika maisha yake hakuwahi kuona maungio safi namna ile. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo miguu yake ikaacha kucheza.

— Nani mume wa mama wa kitanda cha tatu?

Alikuwa mkunga, amesimama getini, mikono bado imelowa maji. Cheche akavua kinyago, asijue akiweke wapi.

— Mimi.

— Mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima.

Mama Birika akapiga kigelegele hadi mlinzi akatoka kibandani. Wembe akamkumbatia Cheche kwa nguvu, asithubutu kumtazama usoni. Mkunga akangoja watulie.

— Wodini dirisha letu linatazama ukuta, akasema. Mkeo ananiuliza, na mimi nilikuwa kazini sikuona kitu. Eti jua likoje?

Cheche akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Wembe. Wembe akafungua mdomo, akaufunga.

— Hata mmoja wenu hawezi kunieleza? mkunga akauliza.

Cheche akavuka barabara.

— Nipeleke, dada, nikajaribu kumweleza mimi mwenyewe.