Mkono Uliofungwa kwa Khanga

Ndugu zangu, mkisikia nakokota maneno, msinihurumie. Nayapanga tu. Wanaonifahamu hapa Dutwa wanajua zamani nilikuwa siyapangi, nilikuwa nayamwaga.

Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba. Asubuhi nimeinama jikoni nachochea moto, mkono wa kulia ukaachia kuni. Nikataka kumwita mume wangu, ikatoka sauti ambayo hata mimi sikuielewa. Mdomo umepinda, mguu hausikii. Wakanipakia kwenye gari la jirani hadi hospitali Bariadi. Kiharusi, wakasema, presha ilipanda. Mungu akanirudisha nyumbani nikiwa hai, ila upande mzima umelala.

Nawaambieni, nilipendwa! Mume wangu ananilisha, binti zangu wananiogesha, jirani ananisuka. Mkono upo mapajani kama si wangu, nikiutazama nalia. Wengine wakanong'ona nimerogwa. Mama mkwe wangu, yule pale mwenye kitambaa cheupe, asiinamishe uso, akawajibu, "Huyo mchawi mbona kasahau kuchukua vidole? Si hivi hapa vyote?"

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alikuwa ametuelekeza: mkono mgonjwa upewe kazi, na ule mzima ufungwe kwa muda kila siku, usimwingilie mwenzake. Wote tukaitikia ndiyo, ndiyo. Kufika nyumbani, nani sasa amfunge mgonjwa? Mama mkwe peke yake alithubutu. Akatandika turubai uani, akamwaga pamba mbele yangu, akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kwa khanga, taratibu, kama anayembeba mtoto mgongoni.

"Chambua, ng'wanawane, mwanangu. Nyeupe huku, chafu huku."

Pamba mnaijua wepesi wake. Siku ile ilinishinda. Kidole kinagusa, hakishiki. Nilimchukia yule mama, jamani! Niwadanganye kanisani? Nilimchukia. Naye amekaa papo hapo, na mgongo wake ule unaomuuma, anachambua pamoja nami.

Basi wakaja akina mama wa jumuiya kunijulia hali, na sukari yao. Mpo hapa, wala msitazamane! Wakanikuta nimefungwa.

"Mayu! Mama wewe, unamfunga mtoto wa watu kama mbuzi?"

Mmoja akainama akanifungua, mwingine analia. Mume wangu amesimama mlangoni, anatazama chini. Mama mkwe hakubishana nao. Akasema tu, "Sawa. Basi kesho mje mumlishe. Na siku nikifa mimi, mje mumlishe mwaka hadi mwaka."

Khanga imeanguka miguuni pangu. Nikamtazama yule mama aliyekubali kuitwa katili na kijiji kizima kwa ajili ya vidole vyangu. Ndugu zangu, chuki yote ikaniisha. Nikaiokota khanga kwa ule mkono mzima, nikamnyooshea.

"Funga."

Neno la kwanza kutoka zima tangu nianguke! Akina mama mmoja mmoja wakavua viatu, wakakaa kwenye turubai, tukachambua wote mpaka jua likapoa.

Haikuwa kazi ya siku moja. Pamba iliisha, tukahamia kwenye choroko, na mguu nao ukaanza kunisogeza kwa fimbo. Kwetu mkamwana ndiye humnawisha mama mkwe kabla ya chakula. Tangu niugue alikuwa anajinawia mwenyewe, hakuwahi kunidai. Jioni moja nikapiga magoti mbele yake, beseni chini, jagi mkono wa kulia. Jagi likaenda upande, maji yakaishia kwenye miguu yake. Machozi yanamtoka, mama huyu ambaye hata msibani hatujamwona akilia. Akasema, "Mimina tena, mikono haijatakata."

Nawashukuru nyote, mlionilisha na mlionililia. Yule mtaalamu, Mungu ambariki. Na wewe mama, sina neno linalokutosha. Wenye mgonjwa nyumbani, mpendeni, ila msimnyang'anye kazi yake. Mkono usioombwa kitu hulala jumla.

Leo tukitoka hapa mnakula kwangu. Maji ya kunawa nitawamiminia mwenyewe, mlowe msilowe. Atakayenyanyuka kunisaidia, khanga ile bado ninayo.