Beseni Moja la Leodegar Nandonde

Agnesi alimfahamu kwanza marehemu shemeji yake, Leodegar Beno Nandonde, kama mteja msumbufu. Mwaka 1992 marehemu alisimama kwenye meza ya Agnesi ya vyombo vya plastiki, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, akataka mabeseni yenye ufa.

"Ya ufa ya nini, kaka? Unafulia upepo?"

"Ufa nitauziba kwa moto, dada. Bei yako ndiyo haizibiki."

Aliondoka nayo kwa bei aliyoitaka.

Marehemu alizaliwa Ndanda, wilayani Masasi, tarehe 2 Oktoba 1961, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Alimaliza darasa la saba hukohuko mwaka 1976. Mwaka 1983 alikuja Dar es Salaam, akabeba mizigo bandarini mpaka mgongo ulipogoma. Akageukia chakula cha samaki wa mapambo: viroboto wa maji, jamaa wa kamba wa baharini, wadogo kama punje za ulezi. Aliwafuga kwenye mabeseni yale ya ufa, na wauza samaki Kariakoo nzima wakamtegemea.

Tarehe 18 Juni 1994 alifunga ndoa na Benedikta, mdogo wake Agnesi. Hata mahari aliomba apunguziwe, eti yeye mteja wa zamani.

Mwaka huu mabomba yalikauka, akayajazia mabeseni maji ya kisima cha mtaani, yenye chumvi. Viroboto waliendelea kurukaruka, naye akatulia. Jua likipunguza maji, aliongeza yaleyale; chumvi ikazidi. Agnesi ndiye aliyeingiwa na wasiwasi.

"Shemeji, wakubwa nawaona. Wadogo wako wapi?"

Marehemu aliinua glasi kwenye mwanga. Migongo mitupu, hakuna aliyebeba mayai. Wakubwa walikuwa wanavumilia tu, hawazai. Mabeseni yakaanza kunyamaza, moja baada ya jingine, likabaki moja.

Hapo figo zikamlaza hospitalini. Habari za figo hakuuliza, alimuuliza Agnesi habari za beseni.

"Ukilifufua, nusu yako."

"Nusu ya msiba, shemeji?"

"Bei ndiyo hiyo."

Agnesi na Benedikta walikinga mvua ya kwanza ya vuli kwenye bati la nyumba, Magomeni. Hawakuthubutu kuyamimina maji hayo beseni­ni kwa pupa. Walipunguza chumvi kikombe kwa kikombe, wakichungulia kwa hofu kila asubuhi, maana mbegu nyingine hawakuwa nayo.

Jumatatu jioni Agnesi alimpelekea chupa. Ndani yake kiroboto mmoja alikuwa na mayai mgongoni, lakini macho ya marehemu yalishachoka.

"Wamebeba?"

"Mmoja amebeba."

"Usinidanganye, Agnesi."

"Mimi nimekudanganya kwenye bei tu."

Alicheka. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 19 Novemba 2024, alifariki dunia.

Ameacha mjane, Benedikta, watoto wawili, Beno na Skolastika, na wajukuu watatu. Agnesi amepata nusu ya beseni, na nusu ni ya mdogo wake. Amempoteza mtu pekee aliyeijua bei yake ya mwisho. Marehemu ameondoka na jibu la kweli: mmoja alikuwa amebeba.

Mwenyezi Mungu amlaze kwa amani. Beseni linaangaliwa.